Jibu la mtaalamu: Babu alifutwa ualimu Hispania mwaka 1940. Je, alikuwa mhalifu?

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Toulouse, Ufaransa. Mama mkwe wangu ana miaka 88. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha mkoa wa Huesca, Hispania, akakimbilia Ufaransa na familia yake Februari 1939, mama mkwe akiwa bado wa kubebwa. Hapa Toulouse alikuwa fundi mwashi hadi uzee wake, akafariki mwaka 1974. Ndani ya kopo la biskuti tumekuta cheti chake cha ualimu, picha ya darasa, daftari la masomo ya hesabu na Kifaransa lililoandikwa 'Argelès 1939', na kipande cha gazeti la serikali la mwaka 1940 chenye jina lake na maneno 'separación definitiva del servicio y baja en el escalafón'. Upande mmoja wa ukoo unasema alifukuzwa kwa sababu alikuwa mkomunisti aliyeng'oa misalaba. Upande mwingine unasema alikuwa na kiburi, ndiyo maana alikataa kufundisha Ufaransa. Mama mkwe akiulizwa hunyamaza, au huondoka mezani. Je, babu alikuwa na kosa? Kwa nini mtu mwenye cheti abebe matofali miaka thelathini? Faili lake linapatikana? Na nikilipata nimwoneshe mama? Mume wangu naye anauliza kama ana haki ya uraia wa Hispania."*

Marahaba, binti yangu. Umeuliza mengi, lakini nadhani kinachokukosesha usingizi ni kile kipande cha gazeti. Maneno yake maana yake ni "kuondolewa kabisa kazini na kufutwa kwenye orodha ya walimu". Ukiyasoma leo, katika nchi yenye mahakama na chama cha walimu, unaona mtu aliyeshtakiwa, akasikilizwa, akapatikana na hatia. Sivyo ilivyokuwa. Ile haikuwa hukumu ya mahakama, na peke yake haithibitishi kosa lolote. Hebu nikueleze namna karatasi kama ile ilivyokuwa ikizaliwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilianza Julai 1936 baada ya majenerali kuasi serikali halali ya Jamhuri. Tarehe 8 Novemba mwaka huohuo, vita vikiwa bado vichanga, upande wa waasi ulitoa amri ya kuunda tume za kuwachuja walimu wa ngazi zote. Kihispania wanaita *depuración*, neno linalotumika pia kwa kusafisha maji machafu, na ndivyo walivyomtazama mwalimu: uchafu ulioingia kwenye maji ya kunywa ya taifa. Kwa walimu wa shule za msingi kila mkoa ulikuwa na tume yake, iliyoitwa Tume D. Hakuna mwalimu aliyehesabiwa kuwa safi mpaka athibitishwe; kila mmoja, hata yule aliyewaunga mkono waasi, alitakiwa kuomba upya kazi aliyokuwa nayo. Kisha tume iliandikia watu kijijini kwake kuuliza habari zake: meya, paroko, kamanda wa kituo cha Guardia Civil (polisi wa vijijini), na mzazi mmoja aliyeaminika kwa watawala wapya. Walieleza kama anakwenda misa, anasoma gazeti gani, yumo katika chama gani, mkewe ana tabia gani.

Majibu yakiwa mabaya, mwalimu alipelekewa orodha ya tuhuma, *pliego de cargos*, akapewa siku kumi kujitetea. Sasa mfikirie babu. Mji wa Huesca ulikuwa mikononi mwa waasi tangu siku za kwanza, lakini sehemu kubwa ya mashariki ya mkoa ilibaki na Jamhuri mpaka Machi 1938. Ikiwa kijiji chake kilikuwa upande huo, kesi yake ingeweza kuendeshwa kilomita chache kutoka darasani kwake, ng'ambo ya mstari wa vita, yeye akifundisha kama kawaida. Na baada ya Februari 1939 alikuwa Ufaransa, nyuma ya seng'enge ya kambi ya wakimbizi. Hizo siku kumi zilipita bila yeye kujua kwamba zimeanza. Mafaili ya watu kama yeye huwa na maneno *en ignorado paradero*, hajulikani alipo. Kutojibu kulichukuliwa kuwa kukiri, na adhabu ya kawaida kwa aliyekimbia ilikuwa hiyohiyo uliyoiona: kufutwa.

Kwa makadirio ya wanahistoria waliopitia mafaili hayo, karibu robo ya walimu wa shule za msingi wa Hispania waliadhibiwa kwa namna moja au nyingine. Wengine walihamishiwa mbali na kwao, wengine walisimamishwa bila mshahara, wengine walizuiwa kuwa walimu wakuu, na sehemu yao wakaondolewa moja kwa moja. Mashine hiyo haikumwacha hata maiti. Mshairi Antonio Machado, ambaye riziki yake miaka yote ilikuwa kufundisha Kifaransa katika shule za sekondari, alivuka mpaka mwishoni mwa Januari 1939 pamoja na mama yake mzee, akafia Collioure tarehe 22 Februari. Mama akamfuata siku tatu baadaye. Mwaka 1941 serikali ya Jenerali Franco, kiongozi wa waasi walioshinda vita, ilimfukuza kazi. Kaburi lake lilikuwa na miaka miwili.

Sasa suala la misalaba, ambalo naona ndilo linalowauma wazee. Jamhuri ilipotangazwa Aprili 1931 ilikuta nchi yenye mamilioni wasiojua kusoma, na mwalimu maskini kiasi kwamba Wahispania walikuwa na msemo, "ana njaa kuliko mwalimu wa shule". Serikali ikapanga shule mpya zaidi ya 27,000 kwa miaka mitano, ikaongeza nafasi za walimu kwa maelfu, ikarefusha mafunzo yao, ikatuma vijana vijijini wakiwa na vitabu, sinema na nakala za picha za wachoraji wakubwa kwa watu ambao hawakuwahi kuona hata treni. Wakati huohuo iliitenga shule na kanisa. Mei 1931 dini ilifanywa somo la hiari. Katiba ya Desemba mwaka huo, ibara ya 48, ikasema elimu haitafungamana na dini. Na Januari 1932 waraka wa mkurugenzi wa elimu ya msingi, Rodolfo Llopis, ukaagiza alama za dini ziondolewe madarasani. Llopis mwenyewe alikuwa mwalimu wa chuo cha ualimu, na alimalizia maisha yake uhamishoni Albi, si mbali na hapo unapoishi.

Kwa hiyo mwalimu aliyeushusha msalaba ukutani mwaka 1932 alitekeleza agizo la mwajiri wake. Miaka minne baadaye mwajiri mwingine alikuja na kumwadhibu kwa kutii. Vivyo hivyo kuwa mwanachama wa chama cha walimu, FETE, au kuwakalisha wavulana na wasichana darasa moja. Mambo yaliyokuwa halali yaligeuzwa makosa kwa kurudi nyuma. Sheria ya Februari 1939 kuhusu "wajibu wa kisiasa" ilitamka wazi kwamba inahesabu matendo tangu Oktoba 1934.

Lakini nisikudanganye kwa kumfanya kila mwalimu malaika na kila padri shetani. Upande wa Jamhuri, hasa miezi ya kwanza ya vita, makasisi na watawa karibu 7,000 waliuawa. Dayosisi ya Barbastro, iliyo ndani ya mkoa huohuo wa Huesca, ilipoteza sehemu kubwa kabisa ya mapadri wake pamoja na askofu. Ukikuta kwenye faili barua kali ya paroko, kumbuka huenda iliandikwa na mtu aliyewazika wenzake. Kumbuka pia walimu waliouawa na upande wa pili, kama Antoni Benaiges wa kijiji cha Bañuelos de Bureba, Burgos, aliyewaahidi wanafunzi wake kuwapeleka kuiona bahari, akauawa Julai 1936 kabla safari haijafika. Tuhuma dhidi ya babu inaweza kuwa ya kweli, ya chuki, au ya woga wa jirani aliyetaka kujiokoa. Isome kama kauli ya mtu mmoja wa wakati ule, kisha tafuta kauli nyingine ya kuilinganisha nayo.

Nije kwenye kiburi. Wanaosema babu alikataa kufundisha hawajui mlango ulivyokuwa. Shule ya serikali ya Ufaransa ilimtaka mwalimu awe raia wa Ufaransa na awe na cheti cha Ufaransa. Babu hakuwa na kimoja wala kingine. Barcelona ilianguka tarehe 26 Januari 1939, na katika majuma mawili watu karibu nusu milioni walivuka milima ya Pirenei wakati wa baridi kali. Mpakani familia zilitenganishwa: wanawake, watoto na wazee walipakiwa kwenye treni kupelekwa mikoa ya ndani, wanaume wakapelekwa Argelès-sur-Mer, Saint-Cyprien na baadaye Le Barcarès. Hizo zilikuwa fukwe tupu zilizozungushiwa seng'enge. Siku za mwanzo hapakuwa na mabanda. Watu walichimba mashimo mchangani ili upepo usiwaue. Kuanzia Aprili 1939 wanaume wakimbizi waliandikishwa katika vikosi vya kazi, vilivyochimba na kujenga kwa ajili ya jeshi. Kisha Ujerumani ikavamia, ukaja utawala wa Vichy, serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, na Wahispania zaidi ya 7,000 wakaishia Mauthausen, kambi ya mateso ya Wanazi, wengi wao bila kutoka. Hadhi ya ukimbizi ya kisheria Wahispania waliipata Ufaransa mwaka 1945 tu. Kufikia hapo babu alikuwa na familia ya kulisha na mikono iliyokwisha kuzoea mwiko. Kiburi hakina nafasi katika hesabu hiyo.

Tazama waliopata meli. Rais Lázaro Cárdenas wa Meksiko aliwafungulia mlango, na Juni 1939 meli *Sinaia* ilifika Veracruz na watu wapatao 1,600. Jijini Mexico wahamishwa walianzisha shule zao, Instituto Luis Vives mwaka 1939 na Colegio Madrid mwaka 1941, na mwalimu aliyefika huko aliweza kushika chaki tena. Mwalimu Patricio Redondo alifungua shule huko Meksiko, katika mji wa San Andrés Tuxtla, mwaka 1940. Mwenzake José de Tapia alikwama Ufaransa mpaka 1948. Alipofika Meksiko, akarudi darasani. Ni mtu yuleyule na ujuzi uleule. Lakini nafasi melini zilikuwa chache, zikigawanywa na kamati, na wengi wenye watoto wachanga waliotenganishwa nao hawakuwa hata na anwani ya wake zao siku orodha zilipofungwa.

Na sasa lile daftari, ambalo mimi ningelishika kabla ya kipande cha gazeti. Katika kambi za ufukweni walimu walianza kufundisha mara mabanda yalipojengwa, pengine hata kabla: kusoma na kuandika kwa wasiojua, hesabu, na Kifaransa ili mtu aweze kuomba mkate na kusoma karatasi anayotakiwa kusaini. Kulikuwa na mabanda yaliyotengwa kwa ajili ya elimu, na magazeti yaliyoandikwa kwa mkono. Linganisha mwandiko wa daftari na saini iliyo kwenye cheti. Ukifanana, na kama masomo yamepangwa kwa tarehe, basi unalo andalio la somo mkononi, na ile kauli kwamba hakufundisha Ufaransa si kweli. Alifundisha, bila mshahara, juu ya mchanga.

Kuhusu ukimya wa mama mkwe. Alilelewa katika nyumba ambamo jina la baba lilikuwa hatari katika nchi mbili: ng'ambo ya mpaka kulikuwa na ndugu ambao barua moja ingewaponza, na upande wa huku, mpaka 1944, kulikuwa na polisi waliokuwa wakiwasaka Wahispania kama yeye. Mtoto anayefundishwa kunyamaza kwa usalama hafundishwi siku ya kuacha. Usichukulie kuondoka kwake mezani kuwa dalili kwamba kuna uovu unafichwa. Pia anaweza kuwa haujui ukweli wenyewe. Wengi wa kizazi chake hawakuambiwa.

Faili lenyewe: mafaili ya mchujo wa walimu wa shule za msingi yapo katika Archivo General de la Administración, mji wa Alcalá de Henares, karibu na Madrid. Unahitaji jina lake kamili na majina yote mawili ya ukoo, la baba na la mama, pamoja na mkoa alikofundisha mara ya mwisho. Unaweza kuandika barua pepe kwa Kihispania cha kawaida ukaomba watafute na wakutumie nakala kwa malipo; huchukua muda lakini ni njia ya gharama ndogo. Kwenda mwenyewe kuna faida moja kubwa: unaona na karatasi za nyuma, bahasha, na maandishi ya penseli pembeni ambayo nakala huyameza. Kituo cha nyaraka cha Salamanca kina karatasi zilizotekwa na jeshi la Franco, zikiwemo za vyama vya wafanyakazi, kwa hiyo kadi yake ya FETE ikiwepo itakuwa huko. Upande wa Ufaransa, anza na hifadhi ya nyaraka ya Haute-Garonne iliyo hapohapo Toulouse, uulize faili lake la mgeni. Kwa kambi uliza Perpignan. Kwa hadhi yake ya ukimbizi uliza OFPRA, ofisi ya Ufaransa ya wakimbizi. Mtafiti wa kulipwa sikushauri kwanza. Mtumie tu iwapo hifadhi imejibu mara mbili kwamba haioni kitu, maana majina ya Kihispania huandikwa vibaya mara nyingi na jicho lililozoea huyaona.

Je, umwoneshe mama? Ushauri wangu ni umwulize kabla ya kuomba, si baada ya kupata. Mwambie: "Mama, karatasi za baba zinaweza kuwa zipo. Ungependa zitafutwe?" Akisema hapana, heshimu, faili limekaa zaidi ya miaka themanini, halitaoza. Akisema ndiyo, lisome wewe na mumeo kwanza. Sababu ni moja: ndani yake mna majina ya waliomsema vibaya, na katika kijiji kidogo majina hayo huwa ya majirani, ya wazazi wa wanafunzi, mara nyingine ya ndugu wa damu. Nimewahi kukaa na familia iliyokuta saini ya mjomba. Ni vizuri mwenye miaka 88 asikutane na jambo kama hilo peke yake kwenye karatasi. Akianza kukosa usingizi, kulia bila kukoma au kuogopa kugongewa mlango, acheni hapo mkamwone daktari wake, na mumweleze daktari sababu.

Swali la uraia lina jibu zuri kuliko alivyotarajia mumeo. Dirisha maalumu la wajukuu wa wahamishwa, lililofunguliwa na Sheria ya Kumbukumbu ya Kidemokrasia ya Oktoba 2022, lilifungwa Oktoba 2025. Lakini mumeo si lazima apitie kwa babu. Ibara ya 20 ya Sheria ya Kiraia ya Hispania humruhusu mtu ambaye mzazi wake alikuwa Mhispania wa asili, aliyezaliwa Hispania, kuchagua uraia huo bila ukomo wa umri. Mama yake, kwa maelezo yako, alizaliwa Hispania na wazazi Wahispania. Na tangu Aprili 2022 mkataba wa nchi hizo mbili unamwezesha Mfaransa kuwa Mhispania bila kuacha uraia wa Ufaransa. Kinachohitajika kwanza ni cheti cha kuzaliwa cha mama kutoka ofisi ya usajili ya mahali alipozaliwa. Hapa msiniamini mimi mwanahistoria: pangeni miadi katika ubalozi mdogo wa Hispania hapo Toulouse, na kama cheti kiliungua vitani, mwoneni wakili wa mambo ya uraia ana kwa ana, kwa kuwa kukijenga upya kuna taratibu zake.

Sheria hiyohiyo ya 2022 inazitangaza adhabu za kisiasa za wakati ule kuwa batili, na inaruhusu ndugu kuomba tamko rasmi la kumtambua aliyeonewa. Halina fedha. Baada ya Franco kufa Novemba 1975, walimu waliofutwa waliweza kuomba kurejeshwa kwenye orodha na kuhesabiwa miaka yao kwa ajili ya pensheni. Babu alikosa nafasi hiyo kwa mwaka mmoja. Mimi ningeliomba tamko hilo, ili kwenye lile kopo kuwe na karatasi ya pili ya serikali inayolijibu jina lake.

Jambo dogo la mwisho, lifanyeni wiki hii. Toeni karatasi zote kwenye kopo; bati hushika kutu na unyevu. Msizibandike kwa selotepu wala kuzifunika kwa plastiki ya moto. Zipigeni picha mchana karibu na dirisha, mbele na nyuma, kisha mzitie kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi. Na ile picha ya darasa igeuzeni. Walimu wengi wa wakati ule waliandika nyuma tarehe, jina la kijiji, au majina ya watoto. Aliyekuwa na miaka saba mwaka 1936 alizaliwa 1929. Mkipata hata jina moja, muandikieni meya wa kijiji kumuulizia, haraka iwezekanavyo.